Kuajiriwa na Kampuni Kubwa: Unacholipwa na Unachotoa

Ndugu zangu, ninyi mliomaliza masomo na mnatafuta kazi, na ninyi mlio kazini tayari mnaojiuliza kama mhame au mbaki, asanteni kwa kufika.

Mada niliyopewa ni faida na hasara za kufanya kazi katika kampuni kubwa. Kwa kawaida mada hii huchorewa mstari katikati, faida upande huu na hasara upande ule, halafu msikilizaji anaachiwa ajumlishe mwenyewe. Naomba ruhusa nisiuchore mstari huo, kwa sababu mambo haya yameota kwenye shina moja. Utaratibu unaoufanya mshahara uingie tarehe ileile kila mwezi ndio unaoufanya ombi lako la kiti kipya lizunguke wiki tatu. Unaweza kuugua mwezi mzima na kazi isisimame. Basi ujue unaweza pia kuachishwa na kazi isisimame. Shina lenyewe ni mgawanyo wa kazi.

Mwaka 1776 Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, alieleza karakana ndogo ya kutengeneza pini. Kazi ilikuwa imegawanywa hatua kama 18: huyu anavuta waya, yule anaunyoosha, wa tatu anaukata, wa nne anachonga ncha, na kichwa cha pini pekee kina hatua zake mbili tatu. Watu 10 kwa mpango huo walitoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku, ilhali mtu mmoja aliyejitegemea asingefikisha hata 20. Habari hiyo inanukuliwa kila mahali. Isiyonukuliwa sana ni kwamba Smith huyohuyo, kurasa nyingi mbele, alionya kuwa mtu anayemaliza umri wake akirudia hatua chache nyepesi hakosi kudumaa akili, maana hana tatizo jipya la kuichokoza. Kwa hiyo tangu mwanzo pini nyingi na akili iliyolala vilitajwa pamoja. Kampuni kubwa ya leo ni karakana ile iliyokua hadi watu elfu kumi, na swali la kwanza kwa anayeingia ni hili: mimi napewa hatua ya ngapi?

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazowapeleka wengi huko. Ni kweli kwamba kampuni kubwa kwa kawaida hulipa zaidi kuliko ndogo kwa kazi inayofanana. Mwanauchumi wa Marekani Henry Ludwell Moore aliliona hilo mwaka 1911 katika takwimu za viwanda vya nguo vya Italia: kiwanda kilivyokuwa kikubwa, ndivyo ujira ulivyopanda. Sababu ni zaidi ya moja. Mitambo na mifumo mizuri hufanya saa moja ya mfanyakazi itoe zaidi. Kusimamia watu wengi ni ghali, kwa hiyo mwajiri huongeza mshahara ili mtu aogope kuupoteza na ajisimamie mwenyewe. Tena palipo na wafanyakazi wengi ni rahisi zaidi kwa chama cha wafanyakazi kuota mizizi na kukaa mezani na mwajiri.

Lakini namba iliyo juu ya barua ya ajira si ile itakayofika mkononi. Chukulieni mshahara wa msingi ni 100. Barua inasema bonasi ni “hadi 20”, mfuko wa pensheni mwajiri anachangia 5 ukichangia 5, na kuna hisa 48 zinazoiva, yaani zinazokuwa mali yako kidogo kidogo, ndani ya miaka minne. Mtu huzijumlisha zote akiwa njiani kurudi nyumbani, na ndipo anapokosea. Neno “hadi” halina ahadi ndani yake. Uliza bonasi iliyolipwa kwa ngazi yako miaka mitatu iliyopita ilikuwa asilimia ngapi ya hiyo 20. Wakikataa kukujibu, ihesabu kuwa sifuri, na ikija ikukute unafurahi. Hisa nazo mara nyingi haziivi kabla ya mwaka wa kwanza kutimia. Kwa mpango ulio wa kawaida, ukiondoka mwezi wa 11 unaondoka na sifuri. Ukifika mwezi wa 12 unapata 12 kwa mpigo, kisha moja kila mwezi hadi zitimie 48. Mchango wa pensheni ndio ulio wa uhakika kuliko yote, na ajabu ndio unaopuuzwa: asiyechangia 5 yake kwa kuona makato yamezidi amekataa nyongeza ya mshahara ya asilimia tano aliyokwisha kupewa.

Hati ya mshahara wa kwanza isomeni mstari kwa mstari, na msiiache mpaka kila makato yawe na jina mnalolielewa. Angalieni mambo manne: mshahara wa msingi ni ule wa kwenye barua, namba ya uanachama wa mfuko wa pensheni ni yako, tarehe ya kuanza kazi ni sahihi, na jina la mwajiri ni lile la kwenye mkataba. Kosa la tarehe linaonekana dogo, lakini likizo, bonasi, hisa na siku moja kiinua mgongo vyote vinahesabiwa kutoka hapo. Mwezi wa kwanza linasahihishwa kwa barua pepe moja. Baada ya miaka sita inabidi litafutwe faili ambalo huenda halipo, na aliyekupokea kazini alishahama.

Hilo la jina la mwajiri nalisisitiza. Kwenye majengo mengi ya kampuni kubwa kuna watu wa aina mbili wanaopita lango moja. Mmoja ameajiriwa na kampuni, mwenzake ameajiriwa na wakala wa ajira aliyepewa zabuni ya kuleta watu. Dawati ni lilelile na bosi ni yuleyule, tofauti utaiona kwenye rangi ya kitambulisho. Wa wakala mara nyingi hana bonasi ya kampuni, bima yake ya afya ni nyepesi, na mkataba wake unakufa siku zabuni inapokwisha, hata kama bosi anampenda. Sisemi msichukue kazi hiyo. Wengi wameingilia hapo. Ila uliza mapema: katika miaka miwili iliyopita, wangapi wamevuka kutoka kwa wakala kwenda kwenye ajira ya kampuni? Mwenye jibu zuri hulitoa upesi.

Sasa twende kwenye urasimu, ambao kila mtu anaulalamikia na wachache wanajua unavyofanya kazi.

Watu 12 wakitaka kila mmoja azungumze moja kwa moja na kila mwenzake, kuna njia 66 za mazungumzo. Wakiwa 150, njia zinafika 11,175. Hakuna siku ya kazi inayotosha. Ndiyo maana zinawekwa ngazi, idara, fomu na sahihi: ni ukuta wa kuzuia kila mtu kuzungumza na kila mtu. Tatizo la ukuta ni kwamba hauchagui; unazuia kelele na unazuia habari.

Tufuate ombi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Betri ya kompyuta yako ya kazi imevimba na kifuniko kinainuka, jambo la hatari kabisa. Unafungua ombi kwenye mfumo. Mtu wa TEHAMA anathibitisha kuwa kompyuta imeharibika. Msimamizi wako anaidhinisha. Mkuu wa idara anaidhinisha, kwa sababu bajeti ni yake. Fedha wanaangalia kasma, yaani fungu la bajeti litakalolipia. Manunuzi wanaangalia bei za wasambazaji. Ni watu watano. Kila mmoja ana kawaida ya kukaa na kushughulikia maombi mara moja kwa wiki, kwa hiyo kwa wastani ombi linasubiri siku tatu na nusu kwenye kila meza. Tano mara tatu na nusu ni siku 17 na nusu. Hakuna aliyezembea hata mmoja, na wewe umekaa wiki mbili na nusu bila kompyuta. Na kama uliandika kasma isiyo sahihi, Fedha watalirudisha mwanzo, saa ianze kuhesabu upya.

Mgeni hupambana na mlolongo huu kwa kulalamika. Mwenyeji hufanya mambo matatu. Kabla ya kutuma, anampigia karani wa Fedha na kuuliza kasma, dakika moja tu. Kwenye mstari wa kwanza wa ombi anaandika kinachotakiwa, kiasi, tarehe ya mwisho na kitakachoharibika tarehe hiyo ikipita, maana mtia sahihi anasoma mstari mmoja. Halafu anajua kila meza hutia sahihi siku gani, na nani anakaimu mwenyewe akiwa likizo. Kwenye habari ya betri lipo la nne: jambo la usalama lina mlango wake, kwa hiyo aliyeliandika chini ya “vifaa” badala ya “usalama” amepanga foleni isiyo yake.

Nawaomba pia msiuchukie mlolongo huo kupita kiasi. Umewekwa ili mtu mmoja asiweze kuagiza, kupokea na kulipa peke yake. Aliyekabidhiwa vyote vitatu ataiba au atasingiziwa kuiba. Katika kampuni ndogo ambako karani mmoja anashika ufunguo wa stoo na kitabu cha hundi, siku hesabu isipokwenda sawa hana karatasi ya kumtetea. Kwenye kampuni kubwa karatasi ipo, ina sahihi tano, na yako imekaa mahali pake. Kwa maoni yangu hii ni moja ya faida kubwa zaidi za kampuni kubwa kwa kijana, na haitajwi kwenye matangazo ya kazi kwa sababu haina mvuto: unajifunza kufanya kazi inayoweza kukaguliwa. Kuandika kumbukumbu za kikao zinazotaja nani atafanya nini kufikia lini, kuhifadhi toleo la waraka kwa tarehe, kukabidhi ofisi kwa maandishi. Ukitoka na tabia hizo baada ya miaka miwili mitatu, utazitumia popote, hata kwenye duka lako mwenyewe.

Ukuta huohuo ndio unaoamua wewe utaonekana vipi huko juu, na hapa nitakaa kidogo.

Kampuni kubwa haiwezi kukujua, inaweza tu kukusoma. Kila mwaka inafanya tathmini ya utendaji, na nyingi zina kikao ambacho mameneja wanakutana kulinganisha alama walizotoa, ili meneja mkarimu asiwajaze watu wake wote alama za juu. Mahali pengine kuna mgao kabisa: katika watu 12, wawili wapate “bora sana”, wanane “vizuri”, wawili “chini ya matarajio”. Mgao wa lazima wa namna hii ulipata jina kubwa kwenye kampuni ya General Electric tangu miaka ya 1980, na Microsoft waliuacha mwezi wa Novemba 2013, lakini sura zake nyepesi zimejaa bado. Matokeo yake ni hesabu tupu: ukiwa kwenye kundi la watu 12 hodari, wawili bado watashika mkia. Ndani ya kikao hicho wewe haupo. Yupo bosi wako, ana watu 12 wa kuwasemea, na kila mmoja ana dakika mbili.

Basi dakika zako mbili ziandae wewe. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kaa dakika 15 uandike mistari mitatu: nini kilifanyika, kilikuwaje kabla, kikoje sasa. Hivi: “Malipo ya wasambazaji yalikuwa yakichukua siku 40, sasa siku 22. Faini za kuchelewa hazijatokea tangu mwezi wa nne.” Sentensi kama hiyo bosi anaweza kuisoma mezani bila kuifikiria, na meneja wa idara nyingine hana la kupinga. Linganisheni na ile inayoandikwa na wengi: “Nilishiriki kikamilifu katika shughuli za idara.” Hiyo hata aliyekuwa likizo anaweza kuiandika. Kosa la pili ni kungoja mwezi wa kumi na mbili ndipo ukumbuke. Utakumbuka mwezi wa kumi na wa kumi na moja, na ile kazi nzito ya mwezi wa pili itakuwa imeliwa na usahaulifu.

Daftari hilo liwe na maneno yako na matokeo tu. Majina ya wateja, bei za mikataba, mafaili ya ofisi yasiingie humo, na msijitumie nyaraka za kazi kwenye barua pepe binafsi. Mifumo ya kampuni kubwa inaona waraka unapotoka, na kuna watu waliokuwa wanajikusanyia ushahidi wa uhodari wao wakafukuzwa kwa kosa la kutoa siri, kosa ambalo aghalabu hata notisi hailipwi.

Kuhusu mabosi: kwenye kampuni kubwa bosi atabadilika kabla hujabadilika wewe. Muundo wa idara hupangwa upya, bosi anahamishwa, na ahadi aliyokupa kwa mdomo kwamba utapandishwa cheo mwezi wa saba inaondoka naye, bila yeye kuwa mwongo. Baada ya mazungumzo ya namna hiyo tuma barua pepe fupi siku ileile: “Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kuwa nikikamilisha mambo haya mawili kufikia Juni, jina langu litapelekwa kwa ajili ya ngazi inayofuata. Kama nimekosea, naomba unisahihishe.” Si tishio, wala haimkeri mtu mwungwana. Bosi mpya akifika, unampelekea hiyo.

Nyongeza ya mshahara ina mtego wake. Ndani ya kampuni nyongeza huhesabiwa kwa asilimia ya mshahara ulio nao. Ulianza na 100, unaongezwa asilimia 4 kila mwaka. Baada ya miaka mitano una kama 122. Wakati huohuo soko la kazi yako linaweza kuwa limefika 140, na mgeni anayeletwa kukaa jirani yako anaanza na hiyo 140, kwa sababu yeye amepimwa kwa soko na wewe umepimwa kwa jana yako. Ongezeni na hili: mfumuko wa bei ukiwa asilimia 6, nyongeza ya 4 ni punguzo lenye barua ya pongezi. Dawa si kununa. Uliza Rasilimali Watu kiwango cha chini na cha juu cha ngazi yako ni kipi, na wewe uko wapi kati yake. Aliye karibu na dari la ngazi hawezi kuongezwa sana hata akiwa malaika. Njia yake ni kupanda ngazi au kuhama idara. Na kuhama idara ni faida ambayo kampuni ndogo hainayo. Unabadilisha kazi, bosi na hata fani, huku miaka yako ya utumishi na likizo vinaendelea kuhesabika.

Halafu kuna usalama wa ajira, ambao ndio unaoaminiwa kupita vyote, na mimi nauamini nusu.

Ukubwa unakulinda na misukosuko midogo. Mteja mmoja akichelewa kulipa, mshahara wako hautikisiki, ilhali kampuni ya watu wanane inaweza kukulipa nusu na maneno matamu. Lakini ukubwa haukulindi na uamuzi uliofanywa mbali. Kodak ilikuwa jina la picha dunia nzima. Mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali ndani ya kampuni hiyohiyo mwaka 1975, na Januari 2012 kampuni, ikiwa imefilisika, ikaomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake. Wazo lilikuwamo ndani ya nyumba miaka zaidi ya thelathini. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilikuwa na wafanyakazi kama 25,000 ilipoanguka tarehe 15 Septemba 2008. Na Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001, iliwaachia watu wake funzo chungu zaidi: wengi walikuwa wameweka akiba yao ya uzeeni kwenye hisa za kampuni yenyewe, hisa ambazo mwaka 2000 zilipita dola 90 na mwisho zikawa chini ya dola moja. Walipoteza kazi na akiba ya uzee wao kwa pamoja. Mshahara wako tayari unaitegemea kampuni hiyo. Akiba yako itafutie mlango mwingine. Hisa zikiiva, uza sehemu uziweke kwingine, hata kama chumba kizima kinasema zitapanda.

Lakini kampuni nyingi zinazopunguza watu hazijafilisika, zinafanya hivyo zikiwa na faida. Kinachofutwa ni kiti, na kiti kina bajeti. Kwa hiyo wakati wa usaili, ukifika ule muda wa “una swali lolote?”, acheni kuuliza dira ya kampuni, iko kwenye tovuti. Ulizeni: nafasi hii ni mpya au kuna aliyeondoka, na aliondoka kwenda wapi? Bajeti yake imeidhinishwa hadi lini? Nani atanitathmini, na kwa vipimo gani? Kati yangu na mtu anayeweza kuamua jambo bila kuomba ruhusa, kuna ngazi ngapi? Majibu manne hayo yanakueleza zaidi kuliko jina lililo juu ya jengo, kwa sababu hakuna anayefanya kazi kwenye kampuni nzima. Unafanya kazi kwenye kiti kimoja, chini ya mtu mmoja, kwa kasma moja. Kampuni moja ina idara ambayo watu hulilia kuingia, na ghorofa ya juu yake idara ambayo watu huikimbia.

Dalili za kupunguza watu huja na mpangilio unaofanana. Kwanza nafasi zinazoachwa hazijazwi. Safari na mafunzo vinasimamishwa “kwa muda”. Wanakuja washauri kutoka nje kuwauliza kila mmoja anafanya nini kutwa nzima, na saa ngapi. Bosi anaondoka na anayekaimu anabaki kaimu miezi minane. Mwisho unaombwa uandike hatua za kazi yako kwa undani ili “mwingine aweze kusaidia”. Dalili moja peke yake si kitu. Zikikutana tatu, toa nakala za hati zako za mshahara na barua za ajira, maana siku ukiondolewa utafungiwa mfumo saa ileile, na anza kuzungumza na watu wa nje ukiwa bado na kazi.

Ikifika siku yenyewe, usitie sahihi siku hiyohiyo. Sema kwa adabu: “Nimepokea, naomba muda nisome.” Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mfanyakazi asiachishwe bila sababu halali, iwe ya uwezo, mwenendo au mahitaji ya uendeshaji. Si nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo sheria ya mahali ulipo ndiyo itakayosema notisi ni siku ngapi na malipo ni kiasi gani. Mwulize afisa kazi au chama cha wafanyakazi kabla ya kalamu kugusa karatasi. Halafu kagua: malipo ya notisi, siku za likizo zilizobaki zilizogeuzwa pesa, kiinua mgongo kilichohesabiwa tangu tarehe sahihi, bima ya afya inakwisha lini, barua ya utumishi, na kama kuna kifungu kinachokukataza kufanya kazi kwa mshindani, kwa muda gani. Kifungu hicho ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachowafunga miezi sita baadaye.

Kabla sijafika kwenye kuondoka kwa hiari, neno kuhusu ujuzi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na jina la kampuni ni nguo ya kuazima. Ukiwa na kitambulisho chake, simu zinapokelewa upesi na wasambazaji wanakuchekea. Ukikivua, unabaki na unachojua. Fanya zoezi hili kila mwaka: chukua karatasi, andika mifumo, fomu na taratibu zote unazotumia kwa wiki moja, kisha weka alama kwenye zile ambazo haziko popote nje ya kampuni yako. Mtu mwenye alama kwenye vitu 14 kati ya 20 amekuwa hodari wa kampuni, hajawa hodari wa fani. Hajachelewa, ila aombe kazi ya pembeni kwenye mradi unaogusa idara nyingine, au asomee cheti kinachotambulika nje. Kampuni kubwa mara nyingi ina fedha za mafunzo ambazo haziombwi hadi mwaka wa bajeti unakwisha. Ziombe miezi mitatu ya kwanza ya mwaka huo, kasma ikiwa imejaa.

Wanaouliza nani anafaa huko, nitasema waziwazi ninavyoona. Anayeanza kazi, anayelea watoto wadogo, mwenye mgonjwa nyumbani anayehitaji bima nzuri: kampuni kubwa inamfaa, na asione haya kuchagua mshahara wa uhakika. Anayetaka kujua biashara inavyozunguka kuanzia kununua hadi kudai madeni, atajifunza upesi zaidi kwenye kampuni ya watu kumi, ambako wiki moja atakuwa muuzaji, mhasibu na dereva. Anayekufa moyo akiambiwa asubiri sahihi, ajifikirie mara mbili. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni: kipindi cha majaribio, kiwe miezi mitatu au sita, si wakati wa kurekebisha mfumo wa watu. Uliza kwa nini utaratibu upo kabla ya kusema ni wa kijinga. Nusu ya taratibu za kijinga zina tukio nyuma yake ambalo mtu anaona aibu kulisimulia. Nusu nyingine ni za kijinga kweli, nazo utazibaini ukishamaliza majaribio.

Na kuondoka. Usiache mbachao kwa msala upitao: kwanza upate barua ya ajira mpya yenye sahihi, si simu ya kukupongeza. Pili, soma kalenda. Bonasi ya mwaka uliokwisha kwa kawaida hulipwa miezi kadhaa baada ya mwaka kufungwa, na kampuni nyingi humlipa aliyekuwapo kazini siku ya malipo tu, nyingine hata kwa sharti kwamba hajatoa notisi. Kwa hiyo barua ya kujiuzulu iandikwe pesa zikishaonekana kwenye akaunti. Angalia hisa zinazofuata zinaiva tarehe ngapi. Kuna watu waliopoteza fungu zima kwa kuondoka siku tisa mapema. Hesabu likizo yako, na uulize kama siku zake zinaweza kukatwa ndani ya notisi. Waraka wa makabidhiano uwe na sehemu nne: kazi zinazoendelea, zinazosubiri sahihi ya nani, mahali mafaili yalipo, na vitu ulivyorudisha pamoja na namba zake, hasa kompyuta na kitambulisho. Mpokeaji atie sahihi, na wewe ubaki na nakala, kwa sababu malipo ya mwisho hupita tena kwenye zile meza tano, na ya kwanza kukwama huwa ya mtu ambaye stoo inasema bado anadaiwa chaja.

Nimeambiwa tuna dakika ishirini za maswali. Walio na barua za ajira mkononi waje mbele kwanza, tuzisome pamoja.